Kunyolewa Nusu Kichwa

Itetemia, Tabora
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu mpendwa Monika,

Shikamoo. Kabla sijaiuliza hali yako, naomba radhi kwa kukaa kimya kwa muda mrefu kiasi hiki. Barua yako niliipata karanga za huku zikiwa bado shambani, na leo zimekwisha kuvunwa, kukaushwa na nyingine kuliwa, nami ndiyo kwanza naketi kukujibu. Najua ulivyo. Utakuwa umemwuliza kila mtu anayepita hapo nyumbani kama amesikia habari za Tabora. Simu ninayo, lakini wewe ukiishika unaiweka mbali na sikio na kupaza sauti kana kwamba unaniita kutoka ng'ambo ya bonde, na mambo niliyo nayo si ya kupaziwa sauti. Sikunyamaza kwa kukusahau. Uliniuliza jambo moja, na jibu lake sikuwa nalo.

Magoti yako yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoagiza uletewe, ilifika? Na mvua za Handeni safari hii zimekuwa za haki, au zimepita juu yenu tena zikaenda kunyesha kwa wengine? Mwambie anayekusomea barua hii asome taratibu, na asiruke neno kwa sababu ni refu.

Sisi huku ni wazima, kwa kipimo cha watu wa umri wetu. Wifi yako Veronika anakusalimu. Naandika kwamba anakusalimu kwa sababu ametamka mwenyewe, si mimi niliyemtungia salamu. Asubuhi hii, nilipotoa karatasi, aliniuliza: "Kwa nani?" Nikamjibu: "Kwa dada." Akakaa kidogo, akasema: "Msalimu. Sana." Ukikumbuka hali niliyokueleza mara ya mwisho, utajua kwamba maneno hayo ni mengi.

Tangu alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulilala na mdomo ukavutika upande. Hospitali walimtibu vizuri, wakamrudisha nyumbani, wakampa mpira mdogo wa kuminya kwa ule mkono kila siku. Hakuuminya. Mpira ulikaa dirishani mpaka ukapauka kwa jua. Hakuwa na maumivu, wala hakuwa amepotewa na akili. Aliketi barazani tangu asubuhi, Kabula, yule binti wa kaka yake anayetusaidia, akimlisha, naye akila kama mtu anayetimiza amri. Wageni wakija aligeuza uso ukutani. Ndipo nilipopata barua yako ya kutuita Handeni, kwamba mpwa wangu Kristofa atakuja na gari kutuchukua, na kwamba chumba cha mbele umekwisha kukipiga chokaa. Niliisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Sasa nitakueleza habari ya nywele zangu. Usicheke kabla ya wakati.

Unajua kwamba tangu nioe sijawahi kukaa katika kiti cha kinyozi. Nilipoanza kazi nilipangiwa shule moja kule mbele ya Kaliua, kijiji ambacho hakikuwa na kinyozi, na Veronika alichukua mkasi wa cherehani akaninyoa. Tulipohamia mjini vinyozi walikuwa wengi, lakini mazoea yalikuwa yamekwisha kuota. Jumamosi niliketi juu ya kigoda uani, naye alisimama nyuma yangu, mkono wa kushoto umenishika utosi, wa kulia unakata. Wewe mwenyewe ulituona ulipokuja kututembelea, ukasema unamwonea huruma mtu anayeshikwa kichwa namna ile. Sikuwahi kukwambia kwamba mimi ile saa niliingojea wiki nzima.

Alipougua, sikwenda kwa kinyozi. Niliona kwamba siku nitakayorudi nyumbani nimenyolewa na mtu mwingine, nitakuwa nimemtangazia kwamba kazi yake imekwisha. Kwa hiyo niliziacha nywele. Zikawa nyeupe na ndefu, zikasimama. Nilivaa kofia, lakini zilitokeza pembeni kama nyasi chini ya jiwe.

Kilichoniamsha ni mwanamke mmoja. Nilikwenda stesheni kupokea mzigo wa mihogo mikavu uliotoka kwa wakwe zangu Kaliua. Nikiwa nimeketi, nimevua kofia kwa ajili ya joto, mama mmoja mwenye kanga mbili alikuja akapiga magoti mbele yangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Inuka, mama, pana vumbi."

"Nimetoka Urambo. Nimeelekezwa kwa mzee mwenye nywele nyeupe anayekaa karibu na stesheni. Ni mwanangu, babu, kila kazi anayoshika inamponyoka."

"Umekosea, mama. Mimi si mganga. Mimi ni mwalimu mstaafu."

Alinitazama nywele, akatabasamu kwa adabu. "Wote husema hivyo kwanza," akasema, na akaanza kufungua fundo la kanga.

Ilinichukua muda kumshawishi. Aliondoka akiamini kwamba nimemkataa kwa sababu ya ubaya wa jambo lake, na jambo hilo liliniuma. Siku ile ile niliamua kunyolewa.

Kumbe kunyolewa vizuri kwa bei ya mtu wa pensheni si jambo dogo katika mji huu. Saluni ya kwanza niliyoingia ilikuwa na vioo pande zote na muziki wa kutikisa meno. Kijana akaniuliza kama nataka panki, au nataka achonge mbele, au nataka kupakwa rangi nyeusi nirudi ujana. Nikamwambia nataka nywele zipungue. Akasema kupunguza, pamoja na kuoshwa na kusuguliwa uso, ni shilingi elfu saba. Nikamwuliza uso wangu una kosa gani. Akacheka, si kwa ubaya, akaniambia: "Mzee, uso ni wa bure, ila tunaupa matunzo." Nikamshukuru nikatoka. Ya pili ilikuwa rahisi, lakini mashine ile ile ilitoka katika kichwa cha mtu mwenye mapunye ikawa inaelekea kwangu bila kupita kwenye dawa. Nikakumbuka ghafla kwamba nina safari.

Ndipo nikaelekezwa kwa Mzee Mihayo. Anafanyia kazi katika ubaraza wa duka la vipuri vya baiskeli, upande wa nyuma wa soko. Ana kiti kimoja cha mbao, kioo kilichopasuka kona, mkasi, kitana na wembe, na kila akimaliza mtu mmoja huvichovya vyombo vyake katika spiriti, nikaridhika. Ni mtu wa umri kama wangu, mwembamba, mcheshi. Pembeni yake huketi mama mmoja anayeuza matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa ambavyo wewe ulivisema vina ladha ya ngozi.

"Mwangaluka, mzee," akanisalimu kwa Kinyamwezi. Nikamwitikia. "Karibu kiti. Ni elfu moja, na maneno ni bure."

"Punguza tu," nikamwambia. "Usininyoe kipara. Sijafiwa."

"Nimekusikia." Akanifunga shuka shingoni, akaanza upande wa kulia. Mkono wake ni mwepesi, dada. Siwezi kumnyima haki yake. Nywele zilianguka bila kuvutwa, na nikahisi upepo sikioni ambao sikuwa nimeuhisi kwa miezi. Baadaye akasema: "Kiswahili chako kimenyooka kama reli, lakini si cha hapa. Kwenu ni wapi?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema Itetemia, habari yote ingekwisha pale.

"Handeni," nikasema.

Mkasi ukasimama. "Handeni ya Wazigua?"

"Iko moja tu."

"Mama wee!" akapiga kelele kumwelekea yule muuza matobolwa. "Njoo ushuhudie! Mtumwa wangu aliyetoroka amerudi kwa miguu yake mwenyewe, na kichwa ameniletea mkononi!"

Unakumbuka babu alivyokuwa akitueleza habari za wapagazi wa Kinyamwezi, waliopita kwetu na mizigo yao kichwani wakienda Pwani na kurudi. Walilala kwetu, wakagombana na watu wetu, wakala pamoja nao, na matusi yakageuka kuwa udugu. Ndiyo maana mpaka leo Mnyamwezi na Mzigua ni watani. Anaweza kukutukana, anaweza kukunyang'anya kitu mbele za watu, na wewe ukikasirika aibu ni yako. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja kukuchekeshea wafiwa na kushika jembe la kaburi. Nimekaa Tabora miaka mingi na nimetaniwa sana, lakini sijawahi kutaniwa nikiwa nimefungwa shuka shingoni na mtani ameshika mkasi.

"Babu yako," akasema Mihayo, "alimwuzia babu yangu kata moja ya maji kwa doti nzima ya nguo. Kata moja! Na maji yenyewe yana viluwiluwi!"

"Babu yako angechota mwenyewe," nikamjibu, "ila hakuwa na mkono mtupu. Yote miwili ilikuwa imeshikilia mizigo ya watu."

Yule mama akapiga makofi. "Leo umepatikana, Mihayo! Mwalimu amekupata!"

"Hajanipata," akasema Mihayo. Akakung'uta shuka, akalifungua shingoni kwangu, akalikunja kwa utulivu. "Nimemaliza."

Nikajitazama katika kioo. Upande wa kulia nilikuwa mtu mwenye heshima zake, na upande wa kushoto nilikuwa yule mganga wa stesheni.

"Umemaliza nini?"

"Nimemaliza upande wa Unyamwezi. Upande wa Uzigua siugusi, nisije nikashtakiwa kwa kuingia nchi ya watu bila kibali. Kanyolewe kwenu Handeni. Au uniletee jogoo, niingie kwa ruhusa."

"Nitakulipa elfu yako na utamaliza kazi yako."

"Elfu ya nini? Kwa mtani? Jogoo, mwalimu. Na awe na miguu miwili. Nawajua Wazigua, utaniletea wa mguu mmoja na useme mwingine unakuja na treni." Kisha akaichukua kofia yangu msumarini akaivaa yeye. "Hii inabaki hapa, isije ikakuficha."

Watu walikuwa wamekusanyika. Niliinuka, nikamshukuru kwa upande wa Unyamwezi, nikaondoka kichwa wazi. Ungeniona, dada. Nimewatoa watoto wengi darasani kwa kuvaa sare bila kuchomekea. Msukuma mkokoteni mmoja alisimama njiani, akanitazama kwa huruma ya kweli, akasema: "Babu, umeme umekatika?" Mbele kidogo nilikutana na mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Alinamisha kichwa, akasema "Shikamoo, mwalimu," na mabega yake yakaanza kutetemeka. Nikamwitikia "marahaba" na kupita.

Nilifika nyumbani kwa mlango wa nyuma, kwa nia ya kuchukua jogoo na kutoka tena. Sikutaka Veronika anione. Lakini siku ile Kabula alikuwa amemhamishia uani kwa ajili ya kivuli, na nilipofungua lango nilimkuta ananitazama uso kwa uso.

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Nani?"

"Mnyamwezi mwenzako," nikasema. "Anataka jogoo."

Sauti iliyomtoka sikuitambua. Nilidhani amepaliwa, nikamkimbilia, Kabula akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakuwa amepaliwa. Alikuwa anacheka. Mdomo wake ulivutika upande mmoja, na machozi yalimshuka, na mate pia, naye hakujali wala hakugeuka ukutani. Alinionyesha kwa kidole cha mkono wa kushoto, akacheka tena. Kabula alipoelewa akaketi chini kabisa. Mimi nilisimama katikati yao na kichwa changu, na nakwambia kweli, Monika, sikuona haya hata kidogo. Ningekubali kunyolewa nyusi pia.

Alipotulia akasema: "Mkasi."

"Nitarudi kwa Mihayo, mama. Usijisumbue."

"Mwalimu," akasema. Hivyo ndivyo anavyoniita tangu tuoane. "Keti."

Nikaleta kigoda nikaketi mbele yake. Kabula akaleta mkasi wa cherehani. Veronika aliushika kwa mkono wa kushoto, na mkasi ule haukutengenezwa kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa unauma nywele bila kuzikata. Mara ya kwanza ulimwanguka mapajani, mara nyingine ukaanguka chini, na kila mara Kabula aliuokota. Kichwa changu kilikuwa kinayumba kwa sababu hakikuwa na wa kukishika. Basi akaweka mkasi chini, akauinua mkono wake wa kulia kwa mkono wake wa kushoto, kama mtu anavyoinua mtoto aliyelala, akauweka juu ya utosi wangu. Kisha akachukua mkasi tena.

"Tulia," akasema.

Mkono ule ulikuwa mzito na wa moto. Niliwatazama kuku. Alikata kidogo, akapumzika, akakata tena. Jua lilitoka ukutani likafika mlango wa jikoni. Na kabla hajamaliza, nilihisi kidole gumba chake cha kulia kikisogea katika nywele zangu. Kilisogea kidogo tu, kikabana, kama zamani alipotaka niinamishe kichwa. Sikusema neno. Niliogopa kwamba nikisema kitaacha. Niliinamisha kichwa.

Upande alioukata yeye ulikuwa na mabonde na vichuguu. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na nilikwenda nao kanisani.

Jumatatu nilimpelekea Mihayo jogoo. Alinizunguka mara mbili, kofia yangu ikiwa bado kichwani kwake.

"Nani ameingia nchi ya Uzigua? Panya?"

"Mke wangu. Kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulipooza."

"Mke wako ni wa wapi?"

"Kaliua. Ni mtu wenu."

Akavua kofia akanirudishia. Hakutania tena. Aliuliza jina la baba yake Veronika, aliuliza ameugua lini, anakula nini, nani anamwogesha. Nilipomwomba asawazishe upande wa kushoto alikataa. "Kazi ya dada yangu siigusi," akasema.

Jumamosi iliyofuata tulisikia mtu anabisha hodi kwa fujo. Alikuwa Mihayo, na jogoo wangu kwapani, mzima, amefungwa miguu, pamoja na chupa ya asali kutoka msituni kwao. Alimsalimu Veronika kwa Kinyamwezi, akajieleza ukoo wake, wakapatana mahali fulani kwa mababu. Kisha akamwambia: "Dada, mkono wako umefanya nini? Umejifunza uvivu kwa Mzigua? Ningekuonya usiolewe huko, ila sikuwa nimezaliwa."

Nilikunja uso. Veronika hakukunja. Akasema pole pole: "Ulikuwa umezaliwa. Una mvi." Mihayo akashika kifua kama mtu aliyepigwa mshale, akaomba kiti.

Tangu hapo huja kila Jumamosi. Yeye hufanya upande wa kulia kwa muda mfupi, Veronika hufanya wa kushoto mpaka jioni, na wakati wote wananisema mimi kana kwamba sipo. Ule mpira wa dirishani nilimkuta Kabula akiuosha. Sikuuliza nani amemwagiza. Sasa Veronika huuminya anapodhani sitazami. Hospitali wanasema ni dalili njema, lakini hawakuahidi kitu, nami siahidi.

Sasa naja kwenye jambo lako.

Baada ya barua yako, kabla ya haya yote, nilimwita dalali. Sikukwambia, wala sikumwambia Veronika. Alikuja na watu wawili kuitazama nyumba, wakapima vyumba, na Veronika alikuwa ameketi pale pale barazani. Nilimweleza kwamba ni mafundi wamekuja kupima bati. Hakujibu. Siku zile hakuwa akijibu lolote, nikachukulia kwamba ameridhika.

Jumamosi iliyopita, Mihayo akiwa anasafisha mkasi, alizungumza habari za mvua, akasema bati letu bado ni zima. Veronika akaacha kunikata.

"Watu wa bati," akasema. Alikuwa anazitafuta silabi moja moja. "Hawakutazama bati."

Mihayo, ambaye sijawahi kumwona amekosa neno, alisema anakwenda kumtazama jogoo, akaenda. Kabula akamfuata.

"Unaniuza?" akaniuliza.

"Siwezi kukuuza, Veronika. Dada ametuita. Kuna chumba. Kuna watu wa kukusaidia usiku na mchana. Mimi nazeeka, siku moja utaanguka nami nitashindwa kukuinua."

"Mimi si gunia, mwalimu."

Mkono wake wa kulia ulikuwa bado utosini pangu, kwa hiyo sikuweza kugeuka kumtazama, na nadhani ilikuwa heri. Nikamweleza yote nikiwa nimeutazama ukuta. Nikamwambia kwamba ningepaswa kumwuliza kwanza. Nikamwambia pia jambo ambalo kwako si siri, kwamba mimi nataka kuja. Nimewafundisha watoto wa watu wa huku lugha kwa maisha yangu yote ya kazi, nimewapenda, na bado kila nikiamka huwa ninasikiliza kwanza kama nitakusikia wewe ukifagia uwanja wa mama. Nilimwambia hayo. Sikuwahi kumwambia kabla, kwa kuwa nilidhani ni jambo la kujiwekea.

Kisha akaniuliza mambo, moja moja, kwa shida. Aliuliza kama Handeni kuna hospitali ya mazoezi ya mkono. Aliuliza kama Anna, binti yetu aliyeolewa Tanga, ataweza kuja mara kwa mara. Aliuliza nani atayaangalia makaburi ya wazazi wake Kaliua, na Kabula ataolewa kutoka nyumba ya nani. Nilijibu niliyoyajua. Mengine sikuyajua, nikamwambia siyajui.

"Nimesikia," akasema mwishoni. "Nitafikiri. Usinisukume." Kisha akaendelea kunikata.

Dalali nimemwambia asije tena. Mihayo nilimwuliza faragha anaonaje, kwa kuwa amekuwa mtu wa nyumbani. Akanijibu: "Mtani, ukimpeleka Handeni nitakuja kumtazama, na nitakula jogoo wote wa ukoo wenu. Akibaki, nitakula huyu wako mmoja. Kwangu mimi tofauti ni ukubwa wa chakula." Halafu, akiwa amekwisha kupanda baiskeli, akaongeza: "Lakini mwache aseme yeye."

Kwa hiyo, dada, naomba umzuie Kristofa asianze safari. Najua amekwisha kuomba ruhusa kazini, na najua wewe umekwisha kutandika kitanda. Usikitandue. Mwambie tu angoje. Wala usimpigie Veronika simu kumbembeleza. Nakufahamu, na yeye anakupenda, atakubali kwa ajili yako, na kukubali kwa namna hiyo sikutaki.

Nisalimie shemeji yangu mzee, mume wako, na umwambie fimbo ya mpingo aliyoniagiza ipo, fundi wake anaimalizia. Nisalimie mpwa wangu Kristofa na mkewe, na yule mtoto wao aliyezaliwa baada ya mavuno ambaye sijamwona. Nisalimie shangazi yetu wa Kwediboma, kama bado anawakaripia wote wanaomtembelea. Na jirani yako anayepalilia kaburi la mama, mpe mkono wangu kwa mikono yako miwili. Kabula anakusalimu, na Mihayo, aliyepita hapa leo akaniona naandika, amesema niwasalimie watumwa wake wote.

Veronika amelala sasa. Mpira ameushika. Sijui atasema nini, na mara hii sitaki kukisia, kwa sababu kila nikikisia najikuta nimekisia ninalolitaka. Atakapokuwa ameamua nitakuandikia siku hiyo hiyo, na nitaandika maneno yake kama atakavyoyatamka, hata kama ni neno moja, na hata kama neno hilo litakuwa ni kubaki.

Mdogo wako akupendaye,
Petro